Miguu ikikataa kutembea, mazoezi yasingoje vita viishe

Milio ya risasi ikisikika upande wa Kamanyola, wakaaji wa Katogota wanajua la kufanya: godoro kichwani, watoto mkononi, njia ya Luvungi au mto Ruzizi. Tangu Februari 2025 bonde hili limehama na kurudi mara nyingi, na Desemba 2025 makumi ya maelfu ya watu walivuka kuingia Burundi. Kila mara wahami wanahesabiwa: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Lakini kuna watu ambao hesabu hiyo huwaruka. Ni watu wazima ambao miguu yao imekataa. Wengine walipigwa risasi, wengine walishikwa na ugonjwa tu. Hao hubebwa kwa baiskeli, kwa mgongo wa kijana wa nyumbani, au huachwa nyuma na mlango ukafungwa.

Watu hao wana tiba. Haihitaji friji wala umeme. Ni mazoezi ya viungo yanayoongozwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, yale ambayo wengi wanayaita kinezi. Ni makosa kuifanya kinezi kuwa kitu cha mjini, cha watu wenye pesa, au kitu cha kungojea amani.

Tuchukue mfano wa ugonjwa mmoja usiosikika sana kwetu: sklerozi ya mabaka. Askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia ngozi inayofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Ni kama waya wa umeme uliochunika: taa inawaka, inazima, inafifia. Mgonjwa huona ukungu katika jicho moja, mguu unakuwa mzito, mikono inakufa ganzi, mkojo unakuja bila kuaga. Dalili zaweza kupungua wiki kadhaa, kisha zikarudi. Muganga Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu vizuri huko Paris mwaka 1868. Leo watu zaidi ya milioni 2.8 duniani wanaishi nao. Wengi hushikwa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Ndio umri wa kulima mpunga, kulea watoto na kubeba mizigo ya soko.

Kwetu ni vigumu kuujua, kwa sababu kuthibitisha kunataka picha ya IRM na muganga wa mishipa ya fahamu. Na si kila mguu uliolegea ni sklerozi. Kuna kifua kikuu cha mgongo. Kuna kiharusi. Kuna risasi na vipande vya bomu. Kuna konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ya watu wanaokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa siku za kutosha. Watafiti waliandika mwaka 2011 kwamba umeonekana Kivu Kusini, na vita vina mkono wake, kwani mtu anayekimbia hana siku za kuloweka. Jina la ugonjwa likikosekana, kijiji huweka jina lake: karogwa, kapewa karuho, kalaaniwa. Hapo ndipo mbuzi huuzwa, jirani hushtakiwa, na mgonjwa hulala miezi huku misuli ikiisha.

Jina la ugonjwa lina maana, na dawa zina maana. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za sklerozi katika orodha yake ya dawa za lazima. Lakini kutoka orodha ya Geneva hadi famasi ya Luvungi ni safari ndefu. Mazoezi hayana safari hiyo. Yanamfaa wa sklerozi, wa konzo, wa kiharusi na wa risasi, kila mmoja kwa kipimo chake.

Zamani hata waganga wa Ulaya na Marekani walimwambia mwenye sklerozi alale, asijichoshe. Mwaka 1996 watafiti wa Utah, Marekani, waliwafanyisha wagonjwa mazoezi kwa wiki 15, wakaona nguvu imeongezeka na huzuni imepungua. Tangu hapo ushauri umegeuka. Kinezi haiufuti ugonjwa. Inazuia magoti yasikakamae, inafundisha mwili kusimama bila kuanguka, inaonyesha namna ya kushika fimbo: mkono wa upande wa pili wa mguu mbovu, si upande uleule. Inamfundisha mama kugawa nguvu zake za siku, apike akiwa ameketi, apumzike kabla hajachoka kabisa.

Na bonde la Ruzizi lina jambo lake: joto. Mwenye sklerozi mwili ukipata joto, miguu hulegea zaidi na macho hufifia, kisha hurudi ukipoa. Wengi hufikiri ugonjwa umepanda, wakaacha mazoezi. Kumbe dawa ni kufanya alfajiri, kivulini, na kitambaa chenye maji baridi shingoni.

Sasa huduma hii iko wapi? Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, ambacho kimesaidiwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa kutoa kinezi, miguu ya bandia na viti vya magurudumu. Ni kazi ya kushukuru. Lakini mtu wa Katogota asiyeweza kusimama atapandaje Ngomo kwa pikipiki, mara moja kwa wiki, akipita vizuizi vya watu wenye silaha? Upande wa Uvira ni kilometa zaidi ya 60, na barabara ndiyo hiyohiyo ya vita.

Wako watakaosema: watu wanakosa unga, hawana hema, kolera inapiga, nanyi mnaongea mazoezi? Swali ni la haki, na jibu lake liko katika foleni yenyewe ya unga. Asiyetembea hafiki kwenye foleni. Hafiki kwenye bomba la maji wala kwenye choo. Kumsimamisha mtu mmoja ni kuwafungua wawili: yeye, na binti aliyeacha masomo ili amgeuze kitandani. Tena kidonda cha mgongo cha mtu anayelala upande mmoja kinaua kama homa.

Sheria nayo imekwisha kusema. Kongo iliingia mwaka 2015 katika Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 11 kinadai walindwe wakati wa vita, na cha 26 kinadai huduma za kurudisha uwezo wa mwili, karibu na mahali wanapoishi, hata vijijini. Tarehe 3 Mei 2022 nchi ikapata sheria yake yenyewe ya kuwalinda. Kilichobaki ni kuifikisha sheria hiyo kwenye benchi la kituo cha afya.

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja mkutano wa amani. Kwanza, wanaoandika wahami waweke mstari wa watu wasiotembea, na wasaidizi wa afya wa vijiji wawafuate mlangoni, badala ya kungoja wajilete. Pili, zoni za afya na mashirika yaliyoko bondeni yalete mtu mmoja wa kinezi azunguke kituo hadi kituo, na afundishe wauguzi mazoezi ya msingi. Hata Sange na Luvungi zikianza, ni mwanzo. Tatu, mafundi seremala wetu wapewe vipimo vya fimbo, magongo na vyuma sambamba vya mbao vya kujishikia, vitengenezwe hapahapa.

Familia nazo zisiketi. Miguu ikilegea ghafla, au mgongo ukiuma pamoja na homa na kukonda, kwanza ni kituo cha afya. Mtu asinyooshwe kwa nguvu kabla hajapimwa. Aliyelala ageuzwe kila baada ya saa mbili, na ngozi yake iangaliwe kila siku. Viungo vikunjwe na kukunjuliwa polepole asubuhi na jioni. Anayekula aketi wima. Anayeweza kusimama asimame dakika chache, akishika ukuta, mtu mmoja akiwa karibu naye. Na asifichwe: chumba cha giza hakijamponyesha mtu.

Bonde hili limezika watu wengi mno. Wale ambao bado wanapumua na wanataka kusimama, wasizikwe ndani ya nyumba zao kwa sababu hakuna aliyewafundisha kunyoosha goti.