Mama wa Ukraine na Lugha ya Ugenini

Vita iliyoanza Februari 24, 2022 iliwatoa mamilioni ya Waukraine majumbani mwao, na wengi waliingia Poland. Kwa kuwa sheria ya hali ya kivita iliwazuia wanaume wengi wa miaka 18 hadi 60 kuondoka nchini, waliovuka mpaka walikuwa hasa akina mama, watoto na wazee.

Kwa upande wa makaratasi walipokewa vyema. Machi 2022 Umoja wa Ulaya uliiamsha kanuni ya hifadhi ya muda iliyolala tangu 2001, ikawapa haki ya kuishi, kufanya kazi, kutibiwa na kusomesha watoto. (Wasyria waliowatangulia hawakufunguliwa mlango huo, nalo tusilisahau.)

Lakini haki iliyoandikwa haimalizi shida ya nyumba. Mama aliyekuwa muuguzi kwao hujikuta akisafisha vyumba vya hoteli, kwa kuwa vyeti vyake havijatambuliwa na lugha haijakaa ulimini. Kipolandi ni jamaa ya Kiukraine, ila huandikwa kwa herufi nyingine. Madarasa yapo, yeye yupo zamu, na mtoto mchanga hana wa kumwangalia. Asipojifunza lugha habadilishi kazi, na kazi yenyewe haimwachii saa ya kujifunza.

Watoto nao wana mzigo wao. Wako waliosoma shule ya Kipolandi asubuhi na masomo ya kwao jioni kwa intaneti. Wengine walibaki na intaneti peke yake, hadi Poland ilipowalazimisha kuhudhuria shule kuanzia Septemba 2024. Hata hivyo mtoto huidaka lugha upesi kuliko mamaye, akageuka mkalimani wake mbele ya mwenye nyumba na mbele ya tabibu. Hebu mzazi afikiri: mwana wa miaka kumi ausikie ugonjwa wa mama yake kabla ya mama mwenyewe, kisha atafute maneno ya kumwambia.

Sisi wa kamati za misikiti ni hodari wa kugawa mchele na mablanketi, na mgeni aliyefika jana anavihitaji kweli. Aliyekaa miaka mitatu anahitaji vingine. Mimi ningeanza na mkalimani mtu mzima hospitalini, kisha darasa la jioni lenye chumba cha watoto kando yake.