Bendera: Majitaka Yaende Wapi?

Mradi wa maji ukitajwa, wote huuliza: bomba litatoka lini? Wachache huuliza maji yakishatumika yaende wapi.

Kwa Bendera na majirani zake wa Kihurio na Ndungu, hilo ni swali la chakula. Tambarare hii chini ya milima ya Upare hulima mpunga kwa mifereji. Shimo la choo likijaa na uchafu ukamwagwa korongoni, mvua huushusha hadi kwenye majaruba, tunakoingia peku. Hapo ndipo minyoo, kuhara na kipindupindu hupata njia.

Mkoani kwetu kuna mfano. Majitaka ya Moshi hupelekwa kwenye mabwawa ya Mabogini. Bwawa la kwanza huwa na kina kirefu. Uchafu mzito huzama na kuozeshwa na bakteria. Yanayofuata ni ya kina kifupi. Jua huua vijidudu, mayai ya minyoo hutuama chini. Wakulima wa jirani humwagilia mpunga kwa maji yanayotoka. Lakini lazima yapimwe: Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi yai 1 la mnyoo kwa lita.

Mji mdogo unaweza kuanza bila mtandao wa mabomba: gari la kunyonya vyoo na mabwawa machache, mbali na makazi na mifereji. RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, inahusika na maji na usafi wa mazingira vijijini. Kwetu wananchi, kazi ni ardhi. Mkutano wa kijiji ukitenga eneo mapema, hakuna atakayebomolewa nyumba baadaye.