Staa Kamtagi Hadi Mpaka Poda, Fundi wa Gitaa Kamsahau!

Haya wadau, leo sitaji mtu, ila kama ulikuwa na bando wiki hii utakuwa umeshamjua. Staa wetu mmoja katupia picha na gitaa jipya, limechongwa kwa mkono hapahapa mjini, na kusema ukweli limewaka. Kamtagi aliyemshonea shati, kamtagi mpiga picha, kamtagi hadi dada aliyempaka poda. Fundi aliyelichonga gitaa? Hayupo. Bei ilipovuja kwenye komenti, watu wakashuka: "Hela yote hiyo kwa kipande cha mbao? Huyo fundi kampiga!"

Mimi nasema fundi hajampiga mtu. Fundi ndiye aliyepigwa.

Wengi wetu tukiona gitaa tunaangalia tumbo lake, rangi na mng'ao. Mpigaji yeye anaangalia shingo, maana ndiyo anayoishika shoo nzima. Tumbo likiwa zuri na shingo mbovu, umenunua pambo la sebuleni.

Tuanze na mzigo. Gitaa la nyuzi sita za chuma likishakazwa, nyuzi zile kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70 hadi 80. Huo ni uzito wa mtu mzima, na unavuta usiku na mchana hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Shingo inayobeba hayo yote, pale karibu na freti ya kwanza, ina unene wa milimita kama 21 au 22 hivi. Vidole viwili vimeizidi.

Kwa hiyo fundi hachukui mbao yoyote tu. Anatafuta iliyokauka vizuri, kama mninga uliotulia, na nyuzinyuzi zake ziwe zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Zikikatiza pembeni, siku gitaa likianguka linakatikia shingoni. Ubao wa juu unaokaa freti anaweza kutumia mpingo, ule mti mzito unaozama majini. Mpingo unakula makali ya patasi balaa, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Siyo kuni hizo.

Halafu kuna freti. Gitaa lenye urefu wa nyuzi wa milimita 650, freti ya 12 lazima ikae katikati kabisa, milimita 325. Ya kwanza inakaa kwenye milimita 36 na nusu hivi. Akikosea milimita moja, gitaa litaimba uongo maisha yake yote, na nyie mtasema msanii hajui kuimba.

Sasa ndiyo kuchonga kwenyewe. Fundi anaweka unene anaotaka sehemu mbili, karibu na freti ya kwanza na karibu na ya kumi, kisha anaziunganisha. Anakata kona kwa tupa, zinabaki kona ndogo zaidi, anazikata tena, mpaka mgongo wa shingo uwe duara. Mwisho anachukua ukanda wa msasa na kuuvuta huku na huku, kama kijana wa kung'arisha viatu pale stendi. Kila baada ya muda anasimama, anafumba macho na kupitisha kiganja. Milimita moja tu ikizidi, dole gumba linalalamika. Akiondoa nyingi, hakuna kurudisha. Ni kuanza upya na mbao nyingine, na hasara ni yake.

Najua mtaniambia mashine siku hizi zinachonga shingo dakika chache, tena sawasawa. Kweli kabisa, na kama ndiyo kwanza unajifunza, nunua la kiwandani, hakuna aibu. Ila mashine haijawahi kukushika mkono ikauona ni mfupi. Ukienda kwa fundi unalipia shingo ya mkono wako wewe.

Mwingine atasema, "Mbona za mafundi wetu zinapinda?" Hapa ndipo penye kidonda. Mteja anabana bei mpaka ya mwisho, anatoa advansi ya kujikunia, halafu anataka gitaa Ijumaa maana ana video ya kushuti. Fundi atatoa wapi hela ya mbao kavu? Anachukua mbichi iliyopo. Gitaa linatoka linang'aa. Miezi michache baadaye mbao inakauka, shingo inajisokota. Hata fimbo ya chuma iliyomo ndani inarekebisha mpindo kidogo tu, haiponyi mbao iliyojisokota. Tunapiga picha, tunaandika "mafundi wa Bongo bure kabisa", tunaagiza la nje. Fundi anarudi kutengeneza vitanda, na kijana aliyekuwa anajifunza kwake anaenda kuendesha boda.

Wenzetu Kinshasa, gitaa za Socklo zinajulikana kwa jina la fundi wake. Watu wanalitaja jina kama chapa. Jina ndilo linaloleta mteja wa pili, na mteja wa pili ndiye anayenunua mbao ya kukaushwa kwa ajili ya mteja wa tatu.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, mpe advansi ya kutosha kununua mbao nzuri. Mwulize imekauka muda gani. Mwache akuone ukipiga, aujue mkono wako. Mpe muda. Na wewe fundi, acha kukubali kila tarehe unayopewa. Kusema "haitawezekana Ijumaa" siyo dharau, ni kulinda jina lako.

Na mastaa wetu, kumtagi fundi hakuli bando. Mstari mmoja tu kwenye posti yako unaweza kumjazia kazi mwaka mzima, na wewe hautakupunguzia hata kiki moja.

Haya wadau, uwanja wenu: fundi kampiga staa, au staa kamdhulumu fundi? Na kama unamjua fundi wa gitaa mtaani kwenu, usimfiche. Funguka hapo chini.