Ukighairi Agizo, Sema Mapema na Uandike



Siku hizi duka limehamia mfukoni. Mkulima wa Naro Moru akitaka pampu ya maji, si lazima apande gari mpaka Nyeri au Nanyuki. Hufungua simu yake, akatazama picha, akauliza bei, akatuma fedha kwa M-Pesa, kisha akangojea kifurushi chake kifike steji. Ni jambo jema, nalo limewapunguzia wengi nauli na siku za kazi. Lakini limeleta shauri ambalo halimsumbui mtu anunuaye kwa macho yake sokoni Karatina. Mtu amekwisha agiza, pengine amekwisha lipa, na mali bado haijafika, naye amebadili nia. Je, ana haki ya kufuta agizo lake na kurudishiwa fedha?

Wengi hujibu swali hili upesi, na majibu yao ni ya namna mbili. Wa kwanza husema, "Fedha ikitoka imetoka, hairudi." Wa pili husema, "Mimi ndiye mnunuzi, naweza kukataa wakati wowote nipendao." Maoni yangu ni ya kuwa wote wawili wamekosa. Wa kwanza huitupa haki aliyo nayo, na wa pili huitegemea haki asiyo nayo. Haki ya kufuta agizo ipo, ila ina mipaka yake, nayo humfaa yule asemaye mapema na kuweka maandishi.

Kwanza tuitazame sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zilizo bora kiasi cha kufaa, na kupewa habari azihitajizo ili azifaidi, na kulindwa katika mali yake. Kisha iko Sheria ya Kuwalinda Watumiaji wa Bidhaa, namba 46 ya mwaka 2012. Sheria hiyo ina sehemu inayohusu mapatano yanayofanywa kwa maandishi katika intaneti. Yasema ya kuwa mwenye duka, kabla ya kufunga mapatano, hana budi kumweleza mnunuzi habari zilizoamriwa, kumpa nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa, na nafasi ya kusahihisha makosa. Baadaye ampe nakala ya mapatano kwa maandishi.

Hapa ndipo ilipo milango mitatu ya mnunuzi.

Mlango wa kwanza ni huu. Ikiwa mwenye duka hakutoa habari hizo, au hakukupa nafasi ya kukubali na kusahihisha, waweza kufuta agizo tangu siku mlipopatana mpaka siku 7 baada ya kupokea nakala ya mapatano.

Mlango wa pili ni kwa yule ambaye hakupewa nakala kabisa. Huyo aweza kufuta agizo katika muda wa siku 30 tangu siku ya mapatano.

Mlango wa tatu ni wa kuchelewa. Ikiwa mliandikiana siku ya kuletewa mali, na siku 30 zikapita baada ya siku hiyo bila mali kuonekana, waweza kufuta agizo wakati wowote kabla haijafika. Ikiwa hamkutaja siku yo yote, basi siku 30 huhesabiwa tangu mlipopatana. Lakini angalieni sana jambo hili: muda huo ukiisha, nawe ukakubali kuipokea mali hata hivyo, mlango umefungwa. Huwezi kupokea kwa mkono mmoja na kufuta kwa mkono mwingine.

Sasa tutazame lile lisilokuwamo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza pia, mtu anunuaye kitu cha kawaida kwa intaneti hupewa siku 14 baada ya kukipokea ili ajifikirie, naye aweza kukirudisha bila kutoa sababu. Watu wetu wenye jamaa huko husikia habari hizo wakadhani ndivyo ilivyo hapa. Sivyo. Sheria yetu haimpi mnunuzi wa intaneti ruhusa ya jumla ya kughairi kwa sababu tu moyo umegeuka. Ruhusa ya namna hiyo twaiona kwa mapatano ya ana kwa ana yanayofanywa nje ya duka, kama yale ya mchuuzi ajaye nyumbani kwako kukuuzia taa za jua. Hayo mnunuzi aweza kuyafuta bila sababu katika siku 10 tangu apokee nakala. Lakini wewe uliyebonyeza simu mwenyewe, ukaelezwa kila kitu barabara, ukapewa na nakala, haki yako ya kughairi itatoka katika masharti ya duka lenyewe. Kwa hiyo yasome masharti hayo kabla ya kulipa. Maduka makubwa kama Jumia humruhusu mnunuzi kufuta agizo katika programu yao kabla mali haijatumwa. Mwuzaji wa Facebook au WhatsApp huenda hana masharti yo yote yaliyoandikwa, na hapo ni juu yako kumwuliza, naye akujibu kwa maandishi: "Nikighairi kabla hujatuma, utanirudishia fedha zote?" Akikataa kujibu swali hilo dogo, umekwisha jua mtu wa namna gani unashughulika naye.

Jambo la pili ni mvua. Sheria yahesabu siku 30, lakini mvua haihesabu hivyo. Kwetu mvua ndefu huanza kati ya Machi, na mkulima wa Kieni ajua ya kuwa majuma mawili ya kuchelewa yaweza kuwa ndiyo tofauti ya ghala na njaa. Tuseme umeagiza mbegu, ukaahidiwa kuletewa tarehe 10 Machi. Ukingoja siku 30 zipite ndipo ufute, itakuwa tarehe 9 Aprili, jirani yako anapalilia nawe unatazama shamba tupu, na fedha za mbegu nyingine huna kwa kuwa zimefungwa kwa mwuzaji.

Dawa ya jambo hili iko katika sheria ya zamani zaidi, nayo ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Sheria hiyo yaacha swali la wakati wa kuleta mali litegemee maneno ya mapatano yenyewe. Basi uyaweke maneno hayo wewe mwenyewe. Unapoagiza kitu cha msimu, andika hivi: "Nataka mbegu hizi zifike Kiganjo kabla ya tarehe 15 Machi. Zisipofika siku hiyo sizihitaji tena, nanyi mtanirudishia fedha." Mwuzaji akijibu "Sawa," tarehe hiyo imekuwa sehemu ya mapatano yenu. Neno moja la "Sawa" lililobaki katika simu lina nguvu kuliko ahadi kumi za mdomo.

Wako wakulima wajao ofisini kwetu na simu mkononi kutuomba msaada katika mambo kama haya. Tukiwauliza, "Ulimwambia lini kwamba huitaki tena?" hujibu, "Nilimpigia simu." Siku gani? Hawakumbuki. Alijibu nini? Alisema ataangalia. Basi hapo huwa hapana la kushika. Sheria haidai fomu maalumu ya kufuta agizo, na hata kusema kwa mdomo kwakubaliwa, maadamu nia yako ni wazi. Lakini kukubaliwa ni jambo moja na kuthibitisha ni jambo jingine. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la siku hizi ni ule ujumbe uliobaki katika simu.

Ujumbe wenyewe si kazi kubwa. Waweza kuandika hivi:

"Tarehe 3 Machi niliagiza kwenu pampu moja ya shilingi 28,000, nikalipa kwa M-Pesa. Leo tarehe 5 Machi nafuta agizo hilo. Tafadhali msitume mali, na fedha zirudisheni kwa namba ile ile niliyolipia."

Weka jina lako na namba ya agizo. Usiandike matusi wala hadithi ndefu. Ujumbe ukiisha kwenda, usiufute, wala usifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Na ikiwa kifurushi kitaletwa hata hivyo, usikipokee wala kukifungua. Mwambie aliyekileta ya kuwa agizo lilifutwa, na umwonyeshe tarehe. Ukikipokea na kukitumia, umejiondolea hoja yako mwenyewe.

Jambo la tatu ni fedha. Mnunuzi ambaye bado hajalipa hufuta agizo lake kwa neno tu, lakini aliyelipa zote huwa mwombaji. Kwa hiyo, ikiwezekana, patana kulipa mali ikifika nawe ukaiona. Ikiwa mwuzaji ataka malipo ya mwanzo, yawe kidogo, nayo yaende kwa namba ya duka iliyo na jina la biashara, yasiende kwa namba ya mtu binafsi. Kabla ya kubonyeza kukubali, lisome jina linaloonyeshwa. Kama duka laitwa hivi na jina lasema vile, simama.

Tena kuna kosa moja ambalo nataka tuliache kabisa. Wengi wajua ya kuwa mtu akituma fedha kwa namba isiyo sawa, huupeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 ili arudishiwe. Huduma hiyo imewekwa kwa fedha zilizokosea njia. Haikuwekwa kwa kuvunja mapatano, na mtu anayeitumia kuvuta fedha nyuma hali mali yake imo garini yuaja kuipokea, huyo hakufuta agizo. Huo ni udanganyifu, nao huwafanya wauzaji wa haki wawaogope wakulima wote.

Na hapa yafaa tuseme neno kwa ajili ya mwuzaji, maana haki haina upande mmoja. Mwuzaji wa pampu akiambiwa mapema, huirudisha rafuni akaiuzia mwingine. Lakini mwenye vifaranga vya siku moja ameweka mayai katika mashine kwa hesabu ya maagizo, na kuku hawezi kurudi katika yai. Vivyo hivyo karatasi ya plastiki ya kutandika bwawa la maji, ambayo huku Kieni twaitumia sana. Ikiisha kukatwa na kuunganishwa kwa kipimo cha shimo lako, haitamfaa jirani mwenye shimo jingine. Mtu akighairi vitu kama hivi baada ya kazi kuanza, si haki adai kila senti. Mwuzaji naye si haki azile fedha zote kwa kazi ambayo hakuifanya. Kabla ya kuagiza, ulizeni: "Kazi yaanza siku gani?" Siku hiyo ndiyo mpaka wa kughairi, na yule awekaye nia yake sawa kabla ya siku hiyo hamdhuru mtu.

Ikiwa umefanya hayo yote, nawe una haki, na mwuzaji amenyamaza na fedha zako, usikate tamaa wala usiende kumtukana katika Facebook. Mwandikie mara ya pili, umpe siku za kujibu. Akizidi kunyamaza, waweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kazi yake ni pamoja na kuwalinda wanunuzi. Tena iko Koti ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, nayo imefika Nyeri. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yapasa imalize shauri katika siku 60, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Koti hiyo itakuuliza vitu vilevile tunavyokuuliza ofisini: uliagiza lini, ulilipa kiasi gani, ulifuta lini, na maandishi yako wapi.

Mimi ningependa siku moja sheria yetu itaje mali za msimu kwa jina, ili mnunuzi wa mbegu asingojeshwe siku 30 sawa na mnunuzi wa kiti. Wenye vyama vya ushirika wanaweza kulipeleka neno hilo kwa wajumbe wao Bungeni. Lakini hata kabla ya hapo, sheria iliyopo yatosha kumsaidia mkulima aliye macho.

Fedha tunazozituma kwa simu ni zile za maziwa, za kahawa, na bonasi ya chai. Nyingine zilikuwa karo ya mtoto, zikaazimwa kwa muda ili pampu inunuliwe kwanza. Shilingi 28,000 zikilala mfukoni mwa mtu mwingine kwa muhula mzima, yuko mtoto atakayerudishwa nyumbani. Kwa hiyo, kabla hujalipa agizo lako lijalo, uliza masharti ya kughairi na uandikiane siku ya kuletewa. Na ukibadili nia, andika siku ile ile. Usingoje kesho.