Vyombo vya Umeme Kazini Vipimwe

Wananchi wa visiwa hivi wanaijua thamani ya umeme. Tangu mwaka 1980, ulipolazwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, kazi nyingi za Unguja zimeutegemea umeme huo. Hitilafu ilipotokea Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010, na kila mtu aliiona hasara ya kuukosa. Lakini iko hatari nyengine isiyozungumzwa sana, nayo ni ya kuwa na umeme bila ya kuuangalia.

Katika ofisi, skuli, hospitali, mahoteli, karakana za useremala na viwanda vya barafu, vyombo vya umeme hutumika kutwa kucha. Tukiuliza vilipimwa lini na nani, aghalabu tutajibiwa kuwa vinafanya kazi, kwa hiyo ni vizima. Jawabu hilo hatukubaliani nalo hata kidogo.

Chukua mfano wa birika la bati la kuchemshia chai ofisini. Ndani ya waya wake mna uzi wa rangi ya kijani na manjano, ambao kazi yake ni kuupeleka umeme ardhini pindi unapovujia kwenye bati, ili fyuzi ikatike. Uzi huo ukikatika, birika litaendelea kuchemsha maji kama kawaida na hapana atakayetambua. Siku umeme utakapovuja, bati litabaki na volti 230, likimngoja mhudumu atakayeligusa. Nasi tunaishi katika hewa ya chumvi na unyevu, ambayo hula viungo vya waya upesi. Ila ya namna hii haionekani kwa macho. Huonekana kwa kupimwa tu.

Wako pia wanaoitegemea fyuzi peke yake. Fyuzi ya ampea 13 huulinda waya usiungue. Haikuwekwa kumlinda mtu. Aliyelowa mikono na kusimama juu ya sakafu ya maji anaweza kupitiwa na umeme wa kiasi cha sehemu moja ya tano ya ampea. Kiasi hicho hakiikati fyuzi, lakini kinatosha kuua. Ndiyo maana zikatengenezwa swichi za kinga, zinazokata umeme unapovuja kiasi cha sehemu 30 tu kwa 1,000 za ampea. Swichi hizo zina kitufe cha kuzijaribia, nacho hakina budi kubonyezwa mara kwa mara.

Sheria tunayo. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Na. 8 ya 2005, na wajibu wa kumlinda mfanyakazi uko juu ya mwajiri. Aidha, Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kazi. Kilichopungua ni utekelezaji wa kila siku.

Tunashauri kila mahali pa kazi pawe na daftari la vyombo vya umeme. Kila chombo kipewe namba, na mbele yake iandikwe tarehe ya ukaguzi, jina la fundi na matokeo. Kwanza waya, plagi na fyuzi vitazamwe kwa macho. Kisha fundi mwenye ujuzi apime njia ya kwenda ardhini, na ahakikishe kuwa umeme hauvuji. Vyombo vya jikoni na karakana, vinavyolowa na kuburutwa, vipimwe mara nyingi zaidi kuliko kompyuta iliyotulia mezani. Kitakachoonekana kibovu kiondolewe siku ile ile, wala kisipelekwe chumba cha pili kwenda kutumiwa na mwengine.

Serikali iwe ya kwanza. Mkaguzi hataweza kumwajibisha mwenye hoteli ilhali kwenye ofisi yake mwenyewe waya umefungwa kwa kitambaa na plagi imepasuka. Wakuu wa idara na mashirika watenge fungu la ukaguzi katika bajeti zao, na wasiseme kuwa fedha hazitoshi wakati kipimo kinagharimu kidogo kuliko samani za ofisi ya mkubwa.

Wafanyakazi nao wana sehemu yao. Anayepigwa na umeme kidogo akacheka na kuendelea na kazi, amemwachia mwenzake mtego. Atoe taarifa, na anayetoa taarifa asionekane mkorofi, bali ashukuriwe.

Mhudumu, mpishi na seremala ni amana mikononi mwa waliowaajiri. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini ukuta hujengwa upya, roho ya mtu hairudi. Tusingoje maiti ndiyo ilete wakaguzi. Madaftari yafunguliwe na vyombo vipimwe sasa.