Fungate ya Barabarani: Tujue pa Kumwaga Kabla ya pa Kupigia Picha



Wapo wenzetu wanaoolewa na kuhamia ng'ambo, Kanada na Marekani, na fungate yao haiwi hoteli wala ufukwe. Inakuwa gari la nyumba, lile linaloitwa RV. Ndani mna kitanda, jiko, bafu na choo. Mnalikodi wiki moja au mbili, mnavuka nalo nchi. Njia mojawapo maarufu ni ile ya mbuga za prairi, kutoka Winnipeg mpaka Calgary, kiasi cha kilomita 1,300 za nyasi, mashamba ya ngano na kanola, na mbingu isiyo na mwisho. Picha zake nzuri mno, hata sisi tunazipenda.

Lakini lipo jambo ambalo picha hazilisemi, somo halifundishi, na bwana harusi anaona haya kulitaja. Choo kile cha ndani ya gari hakina shimo wala bomba la mtaa. Kila kinachoingia humo mnakibeba, na baada ya siku chache lazima kimwagwe mahali.

Msimamo wetu ni huu: bi harusi wa Kiislamu anayesafiri hivi ajue vituo vya kumwagia uchafu kabla hajajua pa kupigia picha, na kazi hiyo asimwachie mumewe peke yake. Tunasema hivi kwa ajili ya dini, kwa ajili ya afya, na kwa ajili ya ndoa yenyewe.

Matangi matatu

Gari la nyumba lina matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili hupokea maji ya sinki na bafu, nayo huitwa maji ya kijivu. La tatu ni la choo, maji meusi. Ukubwa hutofautiana, lakini gari la watu wawili mara nyingi tangi lake la choo halipiti sana lita 100.

Sasa tujitazame sisi. Tunachamba kwa maji. Tunatawadha mara tano. Na maarusi wana majosho yao, hilo halihitaji maelezo. Wale wanaotumia karatasi tupu huenda wakakaa siku tano au sita kabla tangi halijajaa. Sisi tukifungua mfereji kama tuko nyumbani, siku ya pili taa inawaka kuwa limejaa.

Dawa ya hili tunayo tangu chuoni. Tulifundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha kibaba kimoja na kuoga kwa kiasi cha pishi. Kibaba cha maji hakifiki lita moja. Basi tumia kopo, usitumie mfereji unaotiririka. Katika kuchamba, anza na karatasi kisha malizia na maji kidogo, jambo ambalo mafakihi wetu wa Kishafi wamelisifu tangu zamani. Karatasi iwe ile nyepesi inayoyeyuka, na vitambaa vyenye unyevu visiingie tangini kabisa, kwani ndivyo vinavyoziba.

"Ni maji ya vyombo tu"

Hapa ndipo penye hoja yetu kubwa. Wako watu, na Waislamu wamo, ambao wakiona tangi limejaa na kituo hakionekani, husimama kando ya barabara usiku na kufungua vali. Wakiulizwa, husema ni maji ya vyombo tu, au nchi ni kubwa, nani ataona.

Dada, nchi ile ni kubwa lakini si jangwa lisilo na mwenyewe. Mtaro wa barabara ya prairi unashuka kwenye vidimbwi. Eneo hilo lina vidimbwi vingi mno vilivyoachwa na barafu ya zamani, na ndiko bata wengi wa Amerika ya Kaskazini wanakozaliana. Wakulima nao huchimba mabwawa ya kukusanya maji ya theluji ili ng'ombe wao wanywe. Maji ya sinki yana mafuta, sabuni na vijidudu vya nyama mbichi. Na maji ya choo hayahitaji kuelezwa.

Mtume (S.A.W.) ametuonya tusijisaidie kwenye njia za watu, kwenye vivuli wanapopumzika, na kwenye maji wanayoyaendea. Mwenye kufungua vali kando ya barabara hukusanya mambo mawili katika hayo matatu kwa mara moja: njia na maji. Tangi la lita 100 ni haja ya siku nyingi iliyomwagwa pahala pamoja. Kwa hiyo hatuoni kuwa hili ni suala la sheria za Kanada peke yake, ingawa nako ni kosa lenye faini. Ni haki ya mtu, na haki ya mtu haifutwi kwa kuwa yeye hakuona. Sisi watu wa visiwani tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine, maana tunajua bahari inavyokuwa pale bomba la maji machafu linapoishia pwani.

Vinapatikana wapi?

Habari njema ni kwamba vituo vipo, na si haba. Kanada vibao vyake huandikwa "sani-dump", na alama yake ni picha ya gari la nyumba lenye mshale au mpira unaoelekea chini.

Kwanza, tazama kambi za hifadhi. Kambi kubwa kama za Riding Mountain kule Manitoba, au Cypress Hills kwenye mpaka wa Saskatchewan na Alberta, zina pahala pa kumwagia.

Pili, miji midogo. Miji mingi ya prairi ilizaliwa na reli, ikapangwa umbali mfupi baina ya mmoja na mwengine ili mkulima aweze kufikisha ngano yake kwa farasi. Mingi kati ya hiyo ina uwanja wa kambi wa mji, na aghalabu mna kituo. Pengine ni bure, pengine kuna kisanduku cha mchango, pengine ada ndogo. Ukikuta kisanduku, tia. Hakuna anayekusimamia, na hapo ndipo uaminifu unapoonekana.

Tatu, vituo vikubwa vya mafuta vinavyohudumia malori, kwenye barabara kuu nambari 1 inayopita Brandon, Regina, Moose Jaw, Swift Current na Medicine Hat. Si vyote vinavyo, lakini uliza kabla ya kujaza mafuta.

Tuna nasaha tatu za ziada. Orodha za kwenye simu husaidia, lakini piga simu uhakikishe, kwani kituo huweza kufungwa bila orodha kubadilishwa. Angalia msimu: vuli inapoingia vituo vingi hufungwa mpaka majira ya kuchipua, kwa sababu mabomba yangeganda. Na usiende kambini Jumapili mchana, maana ndipo kila mtu anapoondoka na foleni inakuwa ndefu. Panga kumwaga tangi likifika theluthi mbili, si likijaa. Chini ya hapo maji hayana nguvu ya kusukuma uchafu, na juu ya hapo mtaanza kubabaika.

Adabu za kituoni

Kazi yenyewe haizidi robo saa. Vaa glavu na viatu vya kufunika. Buibui refu liache ndani, vaa suruali pana na kanzu fupi ya kazi, kwani rasharasha haikosi. Unga mpira mnene garini, na ncha ya pili iingie vizuri shimoni. Fungua tangi la choo kwanza. Likiisha, lifunge, ndipo ufungue la maji ya kijivu ili yasafishe mpira. Suuza mpira, funika shimo, safisha palipodondoka. Kisha tia maji kidogo na dawa kwenye tangi la choo, na jihadhari na dawa yenye fomalini, maana huua vijidudu vinavyooza uchafu kwenye mashimo ya miji midogo.

Kisha suala la tohara. Vituo vingi vina mifereji miwili: mmoja wa kusuuzia, wenye kibao kuwa si wa kunywa, na mwengine wa maji safi. Usiichanganye. Mpira uliogusa uchafu usije ukatumika kujazia maji ya kunywa na kutawadhia. Tulisoma sote kwamba maji yasiyofika kulla mbili hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama hayakubadilika. Kulla mbili kwa vipimo vya leo hukadiriwa karibu lita 200, na magari mengi ya kukodi tangi lake la maji safi halifiki hapo. Kosa dogo la mpira linaweza kuharibu udhu wa siku nzima, na matumbo pia. Nguo ikirukiwa, iondoe najisi kwanza kisha mwagia maji safi mpaka athari iondoke.

"Bi harusi ashike uchafu?"

Tunalijua pingamizi hili. Mtu na hina yake bado mbichi, aambiwe avae glavu ashike mpira wa choo! Si kazi ya mwanamume hiyo?

Jibu letu lina pande mbili. Kushika najisi kwa haja si dhambi na si aibu. Mama zetu wameosha watoto, wameosha wagonjwa, wameosha maiti, na heshima yao haikupungua. Kinachoshusha heshima ni kuiacha najisi kwenye njia za watu.

Upande wa pili, hatusemi mke abebe peke yake. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, akishona nguo na viatu vyake mwenyewe. Basi iwe kwa zamu: leo mmoja nje na mpira, mwengine anasoma hatua na kuangalia vali, kesho wabadilishane. Mnaoweza kufanya kazi ya choo pamoja bila kununiana mmeshaanza kujuana kweli.

Pia kuna afya. Mke asiyejua tangi limefika wapi na kituo kiko mbali gani, huanza kujizuia. Hanywi maji, habani haja ila kwa tabu, anaona haya kumwambia mume asimame. Jua la prairi wakati wa kiangazi ni kali, na kujinyima maji na kubana mkojo ni njia fupi ya maradhi ya njia ya mkojo, nayo humpata mke mpya kwa urahisi. Kwa hiyo anayeijua ratiba ya tangi analinda mwili wake.

Jina tulilokwisha kutengenezewa

Msifikiri kuwa mnapita nchi isiyowahi kumwona Muislamu. Msikiti wa kwanza kujengwa Kanada uko huko huko prairi, Al Rashid wa Edmonton, uliofunguliwa mwaka 1938. Na mmoja wa waliousimamisha alikuwa mwanamke, Hilwie Hamdon, mhamiaji kutoka Lebanon, aliyeongoza wenzake kwenda kwa meya kuomba kiwanja na kukusanya michango kwa Waislamu na wasio Waislamu. Leo jengo lile limehifadhiwa Fort Edmonton Park, kwa hiyo mkifika Alberta nendeni mkalione.

Wanawake wale hawakusema hiyo ni kazi ya wanaume. Na waliacha jina zuri ambalo msafiri wa leo analirithi bila jasho. Mwenye hijabu akionekana anasuuza kituo na kukiacha safi kuliko alivyokikuta, analiongezea jina lile. Akionekana anafungua vali mtaroni usiku, mwenye shamba hatasema "mtalii fulani", atasema "wale Waislamu".

Tunawaomba masomo na makungwi wetu, mnapomkalisha mwari anayekwenda ng'ambo, pamoja na mafunzo mengine mliyotufunza, ongezeni hili la matangi. Na nyinyi mabibi harusi, kabla ya kuchagua mahali pa kupigia picha wakati wa machweo, kaeni na waume zenu, mchore njia, mtie alama vituo vya kumwagia kila baada ya siku mbili, na mpige simu.

Allah awajaalie safari ya kheri, mwende salama na mrudi salama, na nyumba zenu azijaze mapenzi na huruma. Amin.