Hapana ya Mdomo Si Jibu

Wanachuo wenzangu, darasani tunafundishwa kwamba mji hupangwa kwanza ndipo ukajengwa. Shuka kwenye basi pale njia panda ya Nanganga, barabara kuu ya Mingoyo–Masasi inapoachana na ile ya kwenda Ruangwa na Nachingwea, uone mambo yalivyo kinyume. Nyumba zilikuja kwanza, lami ya Ruangwa ikafuata, na mpango ndio unakimbia nyuma unahema.

Lami imeleta hesabu mpya vichwani mwa watu. Magari ya korosho na ufuta yanapita, watu wa madini ya kinywe wanapita, na kila abiria anayesubiri gari anahitaji chai, vocha na mahali pa kulala. Kwa hiyo mwenye nyumba ya vyumba vinne karibu na barabara anawaza jambo moja tu: avunje ukuta wa mbele apate fremu mbili, au vyumba vya nyuma vigeuke gesti. Kwa wazazi wetu wengi hiyo fremu ndiyo pensheni. Na tusidanganyane, ndiyo ada yetu pia boom likichelewa.

Halafu anakwenda ofisini kuomba kibali cha kubadili matumizi ya nyumba, anaambiwa: "Mzee, hapo haiwezekani." Basi. Hakuna karatasi, hakuna sababu, hakuna muhuri. Mimi sina ugomvi na neno hapana, kwani wakati mwingine ni jibu sahihi kabisa. Ugomvi wangu ni na hapana ya mdomo.

Tuanze na kumtendea haki ofisa. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inakataza kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila kibali cha mamlaka ya upangaji, na kuendeleza si kujenga tu. Kugeuza nyumba ya kuishi kuwa ya biashara nako ni kuendeleza. Kama ni ardhi ya kijiji, ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na Halmashauri ya Kijiji inahusika. Juu ya hayo kuna Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007, ambayo pamoja na kanuni zake ilipeleka hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Hizi sheria zina maana. Gesti ya vyumba kumi yenye shimo la choo lililochimbwa kwa familia ya watu watano ni hatari kwa jirani mwenye kisima. Fremu iliyobanana na lami ni hatari kwa mtoto anayetumwa sukari.

Sasa tupige hesabu. Tuseme ukuta wa mbele wa nyumba uko mita 33 kutoka katikati ya barabara. Nyumba ni halali. Mwenye nyumba anachora fremu zenye kina cha mita 4, na baraza la mita 1.5. Jumla mita 5.5. Ukitoa kwenye 33, unabaki na 27.5. Ameingia kwenye hifadhi kwa mita 2.5. Ofisa akikataa, yuko sahihi. Lakini akiandika sababu hiyo kwa mstari mmoja tu, fundi yeyote ataona dawa yake: usiongeze mbele, geuza sebule na chumba cha mbele kuwa fremu, na baraza liishie mita 31. Kwa sababu ya kuandikwa, hapana inageuka kuwa "rekebisha mchoro urudi". Bila sababu, mzee anarudi nyumbani akiamini kwamba amekataliwa kwa kuwa hakutoa chochote.

Na hapo ndipo mchezo unapoharibika. Hapana ya mdomo haina tarehe, haina jina la aliyeitoa, na haiwezi kukatiwa rufaa. Inafungua mlango wa "tuonane pembeni". Anayekataa kutoa kitu kidogo anajenga Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku, ofisi zikiwa zimefungwa, kisha siku moja anaamka na kukuta X ukutani. Mwaka 2017 tuliona Kimara mpaka Kiluvya, kwenye barabara ya Morogoro, nyumba zilivyobomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi. Miongoni mwake zilikuwamo za watu walioishi pale miaka na miaka. Tofali likishavunjwa, hoja nzuri haisaidii tena.

X yenyewe ina rangi mbili, na wa Kusini wanazijua. Nyekundu maana yake uliifuata barabara, utaondoka bila fidia. Kijani maana yake barabara ndiyo imekufuata, utalipwa eneo likihitajika. Lini litahitajika? Hapo ndipo kimya kinapoanza. Mwenye X ya kijani anakatazwa kuongeza au kugeuza nyumba yake, na bado hajalipwa. Kwangu mimi hiyo ni kumnyima mtu mali kwa awamu. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya kumiliki mali na inataka fidia inayostahili pale mtu anaponyang'anywa. Serikali ikitaka mita zile 7.5, ilipe, au iseme kwa maandishi mwenye nyumba anaruhusiwa kufanya nini wakati akisubiri. Tukumbuke pia kwamba wakati wa Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, ni Serikali hiyo hiyo iliyohamishia watu vijijini, na vijiji vingi vikapangwa kando ya barabara. Leo mjukuu anaulizwa, nani alikuambia ujenge hapa?

Najua watasema: halmashauri zina maofisa mipango wachache, maombi ni mengi, barua zitaandikwa saa ngapi? Nakubali ni wachache. Lakini sidai hukumu ya kurasa 20. Nadai ukurasa mmoja: umekataliwa, kwa kifungu hiki, kwa sababu hii, ukirekebisha hivi rudi, usiporidhika nenda pale. Ukurasa huo unapunguza kazi, maana mwombaji harudi mara sita kuuliza kitu kile kile.

Mpaka siku hiyo ifike, mzazi aliyekataliwa asijenge usiku. Aombe kwa barua, nakala igongwe muhuri masijala. Akijibiwa kwa mdomo, aandike tena aombe sababu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyoko serikalini, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa, si mahakamani tu, hata mbele ya chombo kingine kinachoamua haki zake. Akizungushwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko. Na kabla ya yote hayo, achukue futi kamba, apime kutoka katikati ya barabara. Mara nyingi jibu liko hapo.

Sisi tuna nafasi gani? Tunaosoma sheria tunaweza kuandika barua hiyo kwa Kiswahili cha kueleweka. Wa mipango miji na upimaji wanaweza kuchora upya ramani ya fremu bila kumtoza mzee bei ya mjini. Wanaokwenda fildi kwenye halmashauri wanaweza kuanza na jambo dogo sana: mwananchi akikataliwa mezani kwao, asitoke mikono mitupu. Kesho ni sisi tutakaokaa kwenye viti vile. Tukishazoea kusema "haiwezekani" bila kuandika, elimu yetu itakuwa imetufundisha kufunga milango tu.